Aliye Hai Asizikwe Katika Daftari la Kura

Hotuba ya Halmashauri ya Elimu, iliyosomwa mbele ya wanachama mjini Nakuru



Katika mkutano uliopita yalitokea maswali mawili, nasi wa Halmashauri ya Elimu tukaahidi kuyajibu. Ndugu mmoja alisimama akasema kwamba daftari la kura limejaa majina ya wafu na majina ya watu wabaya. Akataka chama kidai kwamba kila aliyekufa aondolewe, na kila aliyewahi kufungwa jela naye aondolewe, ili kura ibaki ya watu safi. Watu wengi walipiga makofi, na baadhi yetu sisi tulioketi mbele tulipiga pia.

Mkutano ulipokwisha, ndugu mwingine alitufuata nje. Hakutaka kusema mbele ya watu. Alituambia kwamba alifungwa, akamaliza kifungo chake, akarudi kazini, na sasa analipa ada ya chama kila mwezi kama mwanachama mwingine yeyote. Lakini tangu atoke jela hakwenda kujiandikisha kupiga kura, kwa kuwa aliambiwa kwamba mtu wa jela hana kura. Akatuuliza, "Je, ni kweli?"

Si kweli. Hilo ndilo jibu la kwanza, nasi tunalisema mbele yenu wote ili asione haya mtu yeyote kulisikia. Lakini haitoshi kusema si kweli, ni lazima tuonyeshe kwa nini. Tena yafaa tumjibu yule ndugu wa kwanza kwa heshima, maana nusu ya maneno yake ni ya haki kabisa.

Tuanze na nusu hiyo. Daftari la kura katika nchi yetu limekuwa na uchafu kwa miaka mingi. Baada ya msiba wa uchaguzi wa Desemba 2007, iliwekwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini. Mwaka 2008 tume hiyo ilitoa taarifa kwamba katika daftari lile mlikuwa na majina ya wafu kiasi cha milioni 1.2. Daftari likaanzishwa upya. Lakini mwaka 2022, kabla ya uchaguzi wa Agosti, wakaguzi wa kampuni ya KPMG walipolikagua daftari jipya walikuta majina 246,465 ya watu waliokwisha kufa, na maandikisho 481,711 ya watu walioandikwa zaidi ya mara moja.

Uchafu huu hauletwi na wezi peke yao. Mtu akifa kijijini, mara nyingi jamaa wanamzika, wanakula matanga, na kifo hakiandikishwi kwa chifu wala kwa msajili. Basi Tume ya Uchaguzi itajuaje kwamba amekufa? Na mfanya kazi wa mashamba huandikishwa Njoro, akahamia Naivasha kwenye maua, akaandikishwa tena kwa kudhani kwamba lile la kwanza limefutika lenyewe. Hakukusudia wizi, lakini jina lake limekuwa mawili. Jina la mfu na jina la pili la mtu aliye hai ni kama mlango usiofungwa usiku: huenda mwizi asipite, lakini hakuna mwenye nyumba atakayelala usingizi. Kwa hivyo tunasema wazi kwamba daftari lisafishwe. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 yenyewe inaiagiza Tume kufuta majina ya wafu na kusahihisha makosa.

Sasa tuje kwenye nusu ya pili, ile ya watu wa jela.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 83, inataja ni nani anayefaa kuandikishwa. Awe raia mtu mzima. Asiwe ametangazwa kwamba hana akili timamu. Na katika miaka 5 iliyopita asiwe amepatikana na hatia ya kosa la uchaguzi. Hayo tu, ndugu zangu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliyeiba, au aliyepigana, au aliyepika chang'aa, amepoteza kura yake. Kosa linalomwondoa mtu katika daftari ni kosa la kuichezea kura yenyewe. Mwizi wa ng'ombe hufungwa, lakini kura yake hubaki. Mwizi wa kura ndiye anayepoteza kura, naye kwa miaka 5 tu.

Wengine watauliza, sheria hii imetoka wapi? Imetoka katika mateso ya nchi hii, na mji wetu wa Nakuru una sehemu kubwa katika habari hiyo.

Wazee wanakumbuka uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza ambao Waafrika walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Si kila mtu aliruhusiwa. Mtu alipimwa kwa elimu, kwa mali, kwa mapato ya pauni 120 kwa mwaka, kwa utumishi na kadhalika, na mwenye sifa nyingi aliweza kupewa kura mpaka 3 peke yake. Kibarua wa shamba la mzungu katika Bonde la Ufa angezipata wapi pauni 120? Tena Mkikuyu, Mwembu na Mmeru walitakiwa kuwa na cheti cha uaminifu kutoka kwa Serikali. Asiye na cheti hakupiga kura, hata kama hakuwahi kusimamishwa kortini. Hivyo ndivyo ilivyo pale Serikali inapojipa kazi ya kuchagua raia walio safi. Ufagio unaanza na mhalifu, lakini unaishia kwa kila mtu ambaye mkubwa hampendi.

Tena kumbukeni Kapenguria. Aprili 1953 watu 6 walihukumiwa kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu: Jomo Kenyatta, Fred Kubai, Bildad Kaggia, Achieng Oneko, Paul Ngei na Kung'u Karumba. Kubai alikuwa mtu wetu, mtu wa vyama vya wafanya kazi. Mwaka 1949 alikuwa rais wa East African Trade Union Congress, na Makhan Singh akiwa katibu wake. Hukumu ya Oneko ilivunjwa katika rufani, lakini hakuachiliwa, akawekwa kizuizini. Sheria ya ukoloni ilisema kwamba mtu aliyefungwa zaidi ya miaka 2 hawezi kuingia katika Baraza. Ilibidi sheria hiyo ibadilishwe mwaka 1961 ndipo Kenyatta akaweza kuingia Januari 1962.

Sasa sikilizeni. Mei 1963, uchaguzi ulipofanywa kabla ya Uhuru, watu wa Nakuru Mjini walimchagua nani awe mbunge wao? Walimchagua Achieng Oneko. Na Nakuru Mashariki? Walimchagua Fred Kubai. Watu wawili wa Kapenguria! Kama babu zetu wangesema kwamba aliyepita jela si mtu safi, Nakuru isingewatuma wale wawili Bungeni. Twajua mtu atajibu kwamba wale walifungwa kwa siasa, si kwa kuvunja duka. Ni kweli. Lakini hakimu wa wakati ule hakuandika kwamba ni siasa. Aliandika kwamba ni wahalifu. Ndiyo maana si busara kumpa hakimu au karani nguvu ya kufuta kura ya mtu kwa neno hilo moja.

La kusikitisha ni kwamba tulipojitawala hatukulisafisha jambo hili lote. Katiba ya zamani iliendelea kusema kwamba mtu aliye chini ya ulinzi halali wa Serikali hawezi kuandikishwa katika daftari la kura za ubunge na urais. Haikutenganisha aliyehukumiwa na yule wa rumande ambaye kesi yake haijasikizwa. Hali ilianza kugeuka Juni 2010. Kituo cha Sheria, wale mawakili wanaowatetea wanyonge, walikwenda mbele ya mahakama maalumu ya muda iliyoshughulikia mashauri ya katiba, na mahakama ikaamua kwamba wafungwa wana haki ya kupiga kura katika kura ya maoni juu ya Katiba. Tarehe 4 Agosti 2010 wafungwa wakapiga kura kwa mara ya kwanza. Katiba ile ikapita, nayo ikaondoa kikwazo cha jela katika sifa za mpiga kura.

Hata hivyo, haki iliyoandikwa haitembei yenyewe. Uchaguzi wa 2013 wafungwa waliukosa, kwa kuwa hawakuandikishwa magerezani. Mwaka 2017 ndipo vituo vya kura vikafunguliwa ndani ya magereza. Mwaka 2022 wafungwa walioandikwa katika daftari walikuwa 7,483, katika daftari la wapiga kura 22,120,458 wa nchi nzima. Na katika chaguzi hizo mbili walipiga kura ya rais peke yake, si ya mbunge, wala gavana, wala diwani. Magereza yetu yana makumi ya maelfu ya watu. Kwa nini basi walioandikwa hawafiki hata elfu 8? Sababu moja kubwa ni kitambulisho. Mtu anakamatwa, kitambulisho kinabaki nyumbani, au kinapotea kituoni, na bila kitambulisho hakuna kuandikishwa. Gereza kuu la Naivasha na gereza la Nakuru yamo katika kaunti yetu. Wenye ndugu humo wanajua tunalosema.

Sasa tumsikilize ndugu yetu wa kwanza, maana bado ana neno. Atasema, "Aliyevunja sheria, kwa nini achague watunga sheria?" Tunajibu kwa njia tatu.

Kwanza, tuseme ukweli juu ya nani anajaza jela. Wamo wauaji na wanyang'anyi, nasi hatuwatetei. Wakae huko mpaka muda wao uishe. Lakini yumo pia mtu aliyepigwa faini asiweze kulipa. Mwenzake mwenye fedha alitenda kosa lile lile, akalipa pale pale, akaenda nyumbani kula chakula cha jioni. Kama jela ingefuta kura, ya maskini ingefutwa na ya tajiri ingebaki. Tofauti yao si kosa, ni mfuko. Na yule wa rumande je, aliyekosa dhamana? Sheria inasema hana hatia mpaka ithibitike. Chama cha wafanya kazi hakiwezi kukubali kura ipimwe kwa mfuko. Hayo tuliyaona 1957.

Pili, kifungo ni adhabu iliyotajwa na hakimu kwa miezi na miaka. Muda ukiisha, deni limelipwa. Mtu anarudi shambani, anakatwa kodi, mtoto wake anasoma shule ya Serikali, naye anatibiwa hospitali ya Serikali. Tukimwambia kwamba hana neno katika mambo hayo, tumemwongezea kifungo kisichotamkwa na korti yoyote. Na mtu aliyeambiwa kwamba hana sehemu katika nchi, mtamwambiaje tena aitunze nchi?

Tatu, tutazame wenzetu wa nchi nyingine. Afrika Kusini, mwaka 1999, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba wafungwa ni lazima wapewe nafasi ya kujiandikisha na kupiga kura. Na Serikali ilipojaribu kuwaondoa baadhi yao kwa sheria mpya, mahakama ile ile ilikataa mwaka 2004. Upande wa pili tazameni Marekani. Mwaka 2000, katika jimbo la Florida, mtu aliyewahi kupatikana na hatia kubwa alinyimwa kura hata baada ya kumaliza kifungo. Jimbo likatumia orodha ya kampuni iliyolinganisha majina ya wahalifu na majina ya wapiga kura. Watu ambao hawakuwahi kufungwa walijikuta wameingizwa katika orodha hiyo kwa kuwa majina yao yalifanana na ya wahalifu, na Weusi waliumia kuliko wengine. Kura ya rais katika jimbo hilo iliamuliwa kwa tofauti ya kura 537. Sasa jiulizeni: katika Bonde la Ufa wako Kamau wangapi? Wako Kiprono wangapi, Otieno wangapi, Wanjiku wangapi? Ufagio unaofuata majina bila macho utafagia nusu ya shamba.

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo linalotugusa sisi wa sehemu hizi kuliko wafanya kazi wengine. Mfanya kazi wa Bonde la Ufa ni mtu wa kuhamahama. Leo yuko kwenye chai Kericho, kesho kwenye maua Naivasha, keshokutwa kwenye ngano Njoro au kiwandani hapa mjini. Tena amehamishwa kwa nguvu. Mwaka 1992 watu walifukuzwa Molo na Olenguruone. Mwanzo wa 1998 ilikuwa Njoro. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 maelfu walilala katika uwanja wa maonyesho ya kilimo hapa Nakuru, vyeti vyao vimeteketea pamoja na nyumba. Wengi wao hakuna aliyefuta majina yao. Majina yalibaki Molo, na wenye majina walikuwa kwenye mahema. Mtu wa namna hiyo anafungiwa kura bila karani kugusa daftari.

Kwa hivyo msimamo wa Halmashauri, ambao tunauleta kwenu mwukubali au mwukatae, ni huu. Daftari lisafishwe wakati wote, si wiki za mwisho kabla ya uchaguzi. Anayeondolewa aondolewe kwa namba ya kitambulisho na kwa hati ya kifo, si kwa jina wala kwa uvumi. Aliye hai asifutwe kabla ya kuarifiwa na kusikilizwa. Na jela isiwe sababu.

Lakini msimamo bila kazi ni upepo. Basi kila mwanachama afanye haya.

Nenda ukalitazame jina lako. Sheria inataka daftari liwe wazi kwa raia kulikagua. Hakikisha jina, namba ya kitambulisho na kituo. Usingoje siku ya kura kuambiwa kwamba humo.

Ukihama kazi, hamisha na kura. Usijiandikishe mara ya pili, kwani hilo ni kosa, na kosa la uchaguzi ndilo linaloondoa kura. Omba uhamisho kwa fomu yake, angalau siku 90 kabla ya uchaguzi.

Ukifiwa, andikisha kifo. Twajua uchungu wa wakati huo. Lakini cheti cha kifo kinamfuta marehemu katika daftari ili jina lake lisitumiwe na wahuni, na tena ndicho mjane anachotakiwa kuonyesha anapodai fedha za NSSF. Kazi moja, faida mbili.

Ukiwa uliomba kuandikishwa na jina lako halimo, usinung'unike hotelini. Peleka dai lako kwa afisa wa uandikishaji. Akikataa, iko rufani kwa hakimu, na baada yake Mahakama Kuu kwa mambo ya sheria. Njoo ofisini kwa chama, katibu atakusaidia kuandika.

Ukiwa na ndugu gerezani au rumande, tafuta kitambulisho chake ukitunze, na uandikishaji ukitangazwa humo ukipeleke. Na ukiwa ulifungwa zamani ukatoka, nenda kajiandikishe kesho asubuhi. Usimwombe mtu ruhusa.

Mwisho, usiuze kitambulisho chako wala usimkopeshe mtu. Babu zetu walivikwa kipande shingoni kama kengele ya mbuzi, wakapigana mpaka kikaondolewa. Kitambulisho cha leo ni mali yako, nacho ndicho mlango wa kura yako.

Kabla hatujakaa, neno moja juu ya nyumba yetu wenyewe. Chama nacho kina daftari, na siku ya uchaguzi wa matawi hutokea watu wanaotaka kumfuta huyu na yule. Huyu amechelewesha ada, yule alikuwa na kesi, mwingine ni mgeni kutoka wilaya nyingine. Tukiwa tunadai haki kwa Tume ya Uchaguzi, tuitende hapa kwanza. Asifutwe mwanachama kabla ya kuitwa na kusikilizwa.

Na yule ndugu aliyetufuata nje, tunajua umeketi humu. Hatutakutaja. Tunakwambia tu kwamba kiti ulichokalia ni chako, na jina lako lina nafasi katika daftari. Kesho, ukitoka zamu, wawili kati yetu watakungoja langoni ili twende pamoja.

 Umoja ni nguvu.